Erot na Mnyama wa Kisima

Bwana mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kiwanjani, ndugu mliotoka Kipsing na ninyi mliotoka Nyeri, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Kuria Wambugu, shemeji ya marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kama yalivyoandikwa na mjane, dada yangu Gathoni, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Kate. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba kuna sehemu mchungaji aliomba ipunguzwe, wazee wakaomba, mimi mwenyewe nikaomba, naye akatujibu kwamba tukipunguza hiyo basi tutafute mwanamume mwingine wa kuzika, kwa hivyo nitasoma yote.

Marehemu Samson Erot Lopeyok alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970 huko Kipsing, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Lopeyok na mama Akai, ambaye tunaye hapa mbele. Alichunga mbuzi kama wenzake, akafinyanga ngamia wa udongo kama wenzake, ila mama anasema Erot alikuwa akiwakunja ngamia wake miguu kidogo kila jioni, ili ndugu zake wakiamka wakute wamesogea, na dada yake mdogo alikuwa analia kwa woga hadi ngamia hao wakatupwa nje ya boma.

Mwaka 1977 aliletwa hapa mjini Isiolo kwa mjomba wake aanze shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akasoma sekondari kule Meru hadi kidato cha nne mwaka 1987. Lakini elimu iliyomshika hasa aliipata mwaka 1980, siku padre mmoja alipotundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa misheni, akawasha jenereta, akaonyesha filamu ya kale ya mfalme kijana aliyetumwa kuleta maji ya uzima, maji yenyewe yakiwa yanalindwa na mjusi mwenye pembe, mkubwa kuliko lori. Mjusi alipotoka pangoni watoto walikimbia hadi barabarani, Erot peke yake akasogea mbele akaligusa lile shuka, halafu akamuuliza padre kama mjusi bado yuko hai. Padre akamweleza kwamba hajawahi kuwa hai, ni karagosi mdogo wa kubebeka mkononi, kuna mtu mahali fulani alikaa akimsogeza kidole kwa kidole, akipiga picha moja kila akimsogeza, hadi picha zikiunganishwa mjusi anatembea. Kijana wa miaka kumi akamwonea wivu mtu huyo asiyemjua hata jina, na Mama Kate anataka mjue kwamba wivu ndani ya nyumba yao haukuanza na yeye.

Marehemu aliajiriwa mwaka 1988 katika studio ya picha ya mzee Sahal, akajifunza kusafisha filamu, kupiga harusi na picha za vitambulisho, na mwaka 1996 akafungua studio yake hapa Kiwanjani. Ni hapo ndipo Gathoni, binti wa mzee Wambugu mwenye duka, aliingia mwezi wa Mei 1998 akitaka picha ndogo tu, akakalishwa kwenye stuli, na kijana yule akamgeuza kidevu kidogo, akarudi kwenye kamera, akaja tena akamgeuza kidogo, akarudi, hadi wateja wengine wakaanza kununa. Gathoni anasema hakuna mtu aliyewahi kumwangalia hivyo kabla ya siku hiyo, akadhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, ila hakujua kwamba hivyo ndivyo Erot alivyoangalia kitu chochote alichotaka kukifanya kitembee.

Walifunga ndoa kanisani hapa Isiolo tarehe 18 Desemba 1999, baada ya mbuzi wa Kipsing kupokewa na wazee wetu kwa maneno mengi kuliko mbuzi wenyewe, na Mungu akawabariki watoto wawili, Kate aliyezaliwa mwaka 2001 na Lopeyok aliyezaliwa mwaka 2004. Alikuwa baba mpole, hakuwahi kuinua mkono, hakunywa, na wanawake wa mtaa walimwambia Gathoni amshukuru Mungu, naye akashukuru hadi mwaka 2008.

Mwaka huo marehemu alinunua kamera ya mtumba, akaziba dirisha la chumba cha nyuma kwa mabati na magunia, akaanza filamu yake mwenyewe, ya mchungaji aliyetafuta maji wakati wa ukame akakuta kisima kina mwenyewe. Mwenyewe huyo alikuwa mnyama mwenye shingo ya ngamia, mdomo wa mamba na mabawa ya ngozi ya mwanambuzi, mifupa yake waya, nyama yake udongo uliotolewa Kinna kando ya mifereji ya mashamba, kwa sababu udongo wa hapa, marehemu alisema, unapasuka. Akiwa anapiga picha alitundika shuka jekundu mlangoni, na shuka likiwa pale hakuna aliyeruhusiwa kufungua, maana mwanga ukiingia, au mtu akitikisa meza, mnyama anaruka pale anapotakiwa kutembea, na kazi ya wiki nzima inaharibika.

Mke akapika akaacha chakula nje ya mlango, akafua, akafungua duka lake mbele ya nyumba, akafunga duka, na shuka liko pale pale. Mnyama alipanguswa vumbi kwa brashi ya rangi, akapakwa mafuta ya nazi mabawa yasikauke, akafunikwa na kitambaa kilichokatwa kutoka kwa leso ya harusi ya Mama Kate bila yeye kuulizwa. Ndiyo, alimwonea wivu mnyama wa udongo, anasema hivyo mbele yenu bila haya, na anayetaka kucheka acheke sasa, kwa sababu kinachofuata hakichekeshi.

Mwaka 2010 marehemu aliona mikono miwili haitoshi, kwani shingo na mabawa lazima visogee pamoja, akamleta Nakuam. Nakuam mnamfahamu, ni mwanamke fundi wa ushanga aliyekuwa na meza yake karibu na soko, yuko pale nyuma amevaa kitambaa cha buluu, msigeuke. Nakuam akaruhusiwa kupita shuka jekundu. Mume hakuwahi kushikwa na Nakuam katika jambo lolote baya, na Mama Kate hasemi lilikuwepo, lakini anasema mtu asimwambie kwamba wivu unangoja hadi kuwe na jambo, kwa sababu alikaa upande wa pili wa ukuta miaka minne akisikiliza watu wawili wasioongea, kamera inalia tik, kimya, tik, kimya, na kimya kile ndicho kilichomchoma. Watu wanaoongea angejua wanaongea nini.

Tarehe 12 Machi 2014, mchana, alikuwa dukani akipima unga, akasikia Nakuam akicheka mle ndani, mara moja tu. Akaacha mteja akiwa na mfuko wazi, akazunguka nyuma, akalivuta shuka, akafungua mlango, akakuta mikono minne ndiyo kwanza inatoka juu ya shingo ya mnyama, akanyoosha mkono wake amng'oe mnyama pale mezani, na wakati huo huo kamera, ambayo marehemu alikuwa akiibonyeza kwa waya wa mguuni, ikalia. Marehemu hakupiga kelele. Aliinama kwanza akamtazama mnyama kama ameumia, ndipo akamtazama mkewe, akasema, “Mama Kate, mteja anangoja.” Gathoni akarudi dukani, akamalizia kupima unga, na toka siku hiyo hakukanyaga chumba kile, wala hajasema anajuta, na hata leo hajanituma niseme anajuta.

Filamu ilikamilika mwaka 2019 ikaonyeshwa tarehe 7 Desemba katika ukumbi hapa mjini, Waborana, Wasomali, Waturkana wa bodaboda, Wameru wa miraa, wote wakajaa hadi madirishani, na siku ile Isiolo ilimpigia makofi mtoto wa Kipsing. Mke wake hakwenda. Alifungua duka barabara nzima ikiwa tupu, akauza pakiti moja ya chumvi, akaapa hatatazama filamu iliyoandikwa jina la Nakuam karibu na la mumewe. Baadaye watoto wa Kiwanjani wakawa na mchezo, wanatembea wameinua mabega kama mabawa, wanasimama ghafla mbele ya duka lake, wanageuza shingo upande wa kushoto, wanatulia, halafu wanaendelea, naye akiamini wametumwa kumkejeli aliwafukuza kwa maji ya kuoshea vyombo, kwa miaka kadhaa, na watoto wenyewe wako hapa leo, wengine wamekuwa wakubwa.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2022, figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliyemshika mkono katika kila safari ni mke wake. Hata kitandani alikuwa akiuliza kama mnyama amepakwa mafuta, naye Mama Kate akamwambia amepakwa, ingawa hakujua, kwa sababu kupaka ilikuwa kazi ya Nakuam. Aliaga dunia Jumapili tarehe 2 Februari 2025 saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika kidevu akimgeuza kidogo ili apate hewa.

Jumatano iliyofuata, watu wakiwa kwenye matanga, Nakuam alikuja na kompyuta ya marehemu, akapita katikati ya akina mama, akaketi chini karibu na mjane, akasema, “Mama Kate, mimi sitaki chai. Angalia hapa tu, halafu unifukuze.” Akaonyesha mnyama akitoka kisimani. Akasimamisha. Upande wa kushoto wa picha, mkubwa kuliko mnyama mwenyewe, kulikuwa na mkono wa mtu, mweupe kwa unga, una bangili ya shaba ambayo Gathoni aliachiwa na mama yetu. Ni picha moja, inapita kabla hujafumba jicho, watu wote waliojaa ukumbini waliiona na hakuna aliyeiona.

Nakuam alieleza kwamba alimshauri marehemu aiondoe, ni kazi ya dakika moja, akakataa. Kesho yake, badala ya kumwendesha mnyama mbele kama ilivyopangwa, alimgeuza shingo kidogo kidogo kuelekea kushoto, kule mkono ulikotoka, akamwacha amesimama hivyo, akiangalia, kabla hajaendelea na safari. Nakuam akamuuliza ni kwa nini, hadithi haina kitu upande huo, naye akajibu kwamba mlango wa nyumbani ukifunguliwa mtu lazima aangalie ni nani, na kwamba amengoja miaka sita ufunguliwe.

Mama Kate hakumfukuza Nakuam. Alitaka filamu irudishwe nyuma, ikarudishwa, akataka tena, akina mama wakaja kuchungulia, na watoto waliokuwa uani wakaanza kuigiza bila kuitwa, mabega juu, shingo kushoto, naye akawatazama hadi mwisho. Anasema msidhani wivu umeisha. Sasa ana wivu mpya, kwamba mwanamke mwingine alijua jambo hili karibu miaka kumi na moja kabla yake, na kwamba mume wake aliweza kumwambia mnyama wa udongo kitu ambacho hakuweza kumwambia yeye mezani, na wivu huu atakaa nao vizuri, kwa sababu ni wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika, wapiga picha wenzake, jamaa wa Kipsing na wa Nyeri, na watoto wa Kiwanjani, ambao wanaombwa msamaha kwa yale maji ya vyombo. Nakuam naye anashukuriwa, na anaombwa aendelee kumpaka mnyama mafuta, ila sasa atapitia mlango wa mbele, na Mama Kate atakuwepo.

Pumzika kwa amani, Baba Kate. Na siku mkeo atakapokufuata huko, asikute shuka jekundu mlangoni.