Chupa Mbili za Mafuta ya Akili

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliong'olewa bawaba na kulazwa juu ya matofali, pembeni mwa duka la vipuri vya baiskeli. Anayelikalia huwa ameshakubali mambo mawili: kwamba suruali yake itatoboka, na kwamba hoja zake zitatoboka kabla ya suruali. Mzee Kifungu hukaa upande wa ukutani. Alibeba mafaili mahakamani miaka ishirini na mitano, akastaafu na sheria zote alizozisikia akiwa mlangoni. Betri, fundi wa pikipiki, hukaa katikati, kwa sababu anapenda kusikiwa na pande zote. Shangazi huwa na birika lake na vikombe sita, vitano vikiwa na mikono. Na yule wa mwisho ni Sindano, fundi wa vyerehani, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Asubuhi hiyo Sindano alifika na mfuko mweusi wa plastiki, akaupakata mapajani, akawa haombi hata kahawa.

Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa mbili. Na nyumbani kwa jirani yake, kwenye godoro la sebuleni, alikuwa amelala binti yake wa miaka sita, yule anayemwita Mama kwa kuwa amebeba jina la bibi yake, mama mzazi wa Sindano. Tangu alfajiri alikuwa ametapika mara mbili na kulia kichwa. Mke wa Sindano alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, arudi kesho. Sindano alikwishajitafutia maelezo na kuyashika kwa mikono miwili: mojawapo ya chupa alizomnywesha ni feki. Akijua ni ipi ataitupa, mtoto atapona, na mama mtu atakuta nyumba kama alivyoiacha. Ila kusema mbele ya watu kwamba mtoto ni wake, hilo halikuwa likipita kooni.

— Nina swali, alisema. Si langu. La mteja.

— La mteja au la mke wa mteja? aliuliza Betri.

— Betri, leo sina meno ya kuchekea. Mteja ana mtoto. Mwalimu amesema mtoto hatulii darasani, akishika kitabu herufi zinamkimbia. Mtu akamwambia amtafutie mafuta ya samaki, yanasaidia ubongo. Sasa amenunua aina mbili. Anataka kujua ipi ya kweli, ipi feki.

Akazitoa, akazisimamisha kwenye benchi. Moja ilikuwa ya kahawia, imechorwa samaki mwenye mdomo wazi, imeandikwa mafuta ya ini la samaki. Ya pili ilikuwa nyeupe, ina picha ya mtoto aliyevaa joho la mahafali, na chini yake tarakimu kubwa: 3, 6, 9.

Mzee Kifungu akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akaishikilia upande wa pili kwa kidole.

— Hili ni jambo la maandishi, alisema. Omega tatu, sita na tisa. Jumlisha. Kumi na nane. Hii ya samaki mdomo wazi hapa nyuma inasema omega tatu tu. Mtu mzima mwenye akili zake anamnunulia mtoto tatu wakati dukani kuna kumi na nane?

— Mzee, hizo ni namba za aina, si za wingi, alisema Shangazi.

— Umezisoma wapi?

— Sijazisoma. Nimezifikiria.

— Basi kaa na birika lako.

Betri alikwishafungua chupa zote mbili. Alidondosha tone moja moja kwenye vidole, akasugua, akanusa, akatazama juu kama mtu anayesikiliza injini.

— Mafuta ni mafuta, alisema. Hii nyeupe nyepesi, ya injini mpya. Hii ya kahawia nzito, ya gia.

— Mtoto ana gia? aliuliza Shangazi.

— Mtoto asiyetulia darasani ana gia mbovu. Inaruka kutoka ya kwanza kwenda ya nne. Mwambie mteja ashike ya kahawia.

Sindano aligusa simu mfukoni mwa shati. Kimya. Jirani alisema atapiga kukiwa na lolote, na kwa vile hakupiga, basi hakuna lolote. Alijiambia hivyo mara tatu, na kila mara ilipungua nguvu.

— Na mtu akizitumia zote mbili? aliuliza, akitazama viatu vyake. Kwa pamoja?

— Tatu ya huku na kumi na nane ya kule, alisema Mzee Kifungu bila kusita. Ishirini na moja. Mtoto wa ishirini na moja huyo haendi darasa la pili. Anapelekwa chuo kikuu na begi lake la chakula.

Wakacheka. Sindano naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba kidonda ni kidogo. Akaomba kahawa. Alikuwa hajaifikisha mdomoni Betri aliposhika tena ile chupa ya kahawia.

— Ngoja. Hii ni ya ini?

— Imeandikwa, alisema Mzee Kifungu.

— Ini ndilo filta. Uchafu wote wa mwili unapita pale, unanasa pale. Mimi nikifungua pikipiki, filta naitupa na sitaki hata mbwa ailambe. Leo mtu anaikamua, anaiweka kwenye chupa, anampa mtoto? Nani anakunywa filta?

— Wazee wetu walinyweshwa hayo mafuta ya ini, alisema Shangazi. Mimi mwenyewe nilinyweshwa, nimebanwa pua.

— Ndiyo maana unatubania sukari.

— Sema lingine, Betri, alisema Sindano. Akinywa filta, inakuwaje?

— Inategemea huyo samaki alikula nini. Kama alikula nyavu, shida. Kama alikula rangi ya meli, shida kubwa. Na samaki hafumbi macho, hilo mnalijua? Hana kope. Mtoto akinywa sana atakuwa anakodoa macho usiku kucha.

— Sheria haina kifungu cha kukodoa, alisema Mzee Kifungu, lakini nilisikia kesi ya mtoto aliyepewa hayo mafuta akawa na akili mpaka akakataa kuamkia wakubwa. Akiona mtu anamsahihisha. Walimpeleka mbele ya hakimu, akamsahihisha hakimu.

— Uongo.

— Nilibeba faili mwenyewe. Lilikuwa linanuka samaki.

— Nimeuliza ipi ni feki! Sindano alipiga benchi, vikombe vikaruka. Mnaniletea mahakimu! Mtu kauliza swali moja, chupa mbili, jibu ni hii au ile!

Betri alifuta kahawa iliyomwagikia goti lake, taratibu.

— Ndugu yangu, alisema, mteja wako anakulipa kiasi gani mpaka umkasirikie hivi?

Kabla hajajibu, simu ililia. Sindano aliitoa kwa pupa ikamponyoka, akaidaka kifuani. Sauti ya jirani ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya uzio, na benchi zima lilimsikia.

— Baba Mama, mwanao kaamka! Kaomba maji, nimempa, kayatapika. Analalamika mwanga unamuumiza macho, nimemfungia pazia. Uko wapi?

— Naja. Niko hapa, naja.

Alikata. Akabaki na simu mkononi, hakusimama. Miguu ilikuwa inataka kwenda, lakini aende na nini? Alikuja kutafuta jina la chupa moja, na hata hilo hakuwa nalo.

— Mteja huyo anaishi kwako? aliuliza Shangazi, na safari hii hakuwa anatania.

— Ni Mama, alisema Sindano. Ni binti yangu. Siku nne namnywesha.

Mtu angedhani sasa watanyamaza wafikiri. Lakini hofu ikiingia kwenye benchi lile haipunguzi maneno, inayaongeza. Wote watatu walisema kwa pamoja.

— Maziwa! alisema Shangazi. Mpe maziwa, yanakata sumu.

— Usimpe kitu! alisema Mzee Kifungu. Kielelezo kisiguswe mpaka kichunguzwe.

— Kielelezo gani? Ni mtoto! alisema Shangazi.

— Limau, alisema Betri. Samaki anakatwa kwa limau. Au tufanye kama pikipiki, mafuta mabaya hayaongezewi mengine juu yake, unamwaga yote yakauke ndipo unaanza upya. Mwinamishe kichwa chini...

Shangazi alimpiga begani kwa kitambaa cha kushikia birika.

— Ni ile ya filta, alisema Betri, akijikinga. Mimi nilisema tangu mwanzo.

— Ulisema ashike hiyohiyo! Ya gia!

— Nyeupe ndiyo feki, alisema Mzee Kifungu. Tazama huyu mtoto wa kwenye picha. Joho limempwaya. Kiwanda cha kweli kingempima.

— Tuzichome, alisema Betri. Itakayotoa moshi mweusi ndiyo feki.

Akapapasa mfukoni kutafuta kiberiti. Sindano alimkamata mkono.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yao akakohoa. Hawakuwa wamemwona akija. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kwenye kikapu, kizito, kimemwinamisha upande mmoja.

— Samahani wazee. Namtafuta fundi Sindano. Hii mashine inashika.

— Ndiye huyu, alisema Shangazi, lakini leo hana mashine. Mtoto wake anaumwa. Amenywa mafuta hayo, na hawa mabwana wanatafuta feki.

Mwanamke aliweka kikapu chini. Alichukua chupa ya kahawia, akaigeuza nyuma, akaisogeza machoni kusoma yale maandishi madogo ambayo Mzee Kifungu, kwa miwani ya mkono mmoja, alikuwa ameyaruka. Kisha akachukua nyeupe, akaisoma hivyohivyo. Hakunusa, hakusugua.

— Hii inasema mtoto wa umri huo apewe kijiko kidogo cha chai, kimoja, kwa siku. Na isichanganywe na nyingine yenye vitamini A, ikizidi ni sumu kwa mtoto. Na hii nyingine inayo.

Akamtazama Sindano.

— Baba, mtoto amepewa kiasi gani?

Mzee Kifungu alivua miwani. Betri aliangalia tone lililobaki kwenye kidole chake, akalipangusa kwenye suruali. Asubuhi nzima walikuwa wameuliza ipi, na samaki gani, na kiwanda gani, na hakuna aliyeuliza hilo.

Sindano alitazama kile kichwa cha cherehani kikapuni. Katika kazi yake hakuna kijiko. Mashine iliyokaa kavu miaka mingi huihesabii matone. Unaifurikisha, unazungusha gurudumu, unafurikisha tena mpaka mafuta yatokee upande wa pili, ndipo unapangusa. Ziada haijawahi kuua cherehani. Na Mama alikuwa amekaa mkavu miaka sita, ndivyo alivyowaza, basi wiki ya kwanza imloweshe. Alimimina kwenye kikombe cha maziwa cha mtoto, kile cha bluu, akikadiria kwa jicho. Kidogo ya hii, kidogo ya ile. Mtoto alikunja uso, akanywa kwa sababu ni baba. Jioni ya pili alikaa naye na kitabu, na Mama akasoma mstari mzima bila kukwama, kidole chake kikitembea chini ya maneno, akainua macho kuona kama baba amesikia. Baba alikuwa amesikia. Alifurahi. Kesho yake akaongeza mafuta.

— Kiasi gani, baba? alirudia yule mwanamke, kwa upole zaidi. Hospitali hawataanza na feki. Wataanza na hilo.

— Nilimimina, alisema Sindano. Kwenye kikombe.

— Kikombe kizima?

— Hapana! Kizima hapana.

— Nusu?

Betri alikuwa amekwisha kuinuka, anakanyaga kiki ya pikipiki. Shangazi alizifunga chupa zote mbili, akazirudisha kwenye mfuko mweusi, akamtia Sindano mfuko mkononi na kumsukuma. Mwanamke alimfuata hatua kwa hatua, ameacha cherehani yake pale chini barabarani.

— Nionyeshe kwa vidole, alisema. Kutoka chini ya kikombe.

Sindano alipanda nyuma ya Betri. Aliinua mkono wake wa kulia, ule unaopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kuhitaji mwanga, akaweka kidole gumba na cha shahada karibukaribu.

— Hapa, alisema. Siku ya kwanza, hapa.

— Na jana?

Vidole vikaachana. Akavitazama, akatikisa kichwa, akavirudisha ndani kidogo. Kisha vikaachana tena, wala hakuvizuia.