Kapo ya Shemeji

Ndani ya taksi ya kwenda bandarini, Papa Urbain, fundi wa rangi za magari, alimsikiliza mama wa pembeni yake akieleza habari za kapo, kile kifuniko cha injini, iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni na kupauka kwa jua, ya gari ambalo shemeji yake aliwaachia akisafiri.

"Bwana yangu alisugua, akaona kitambaa cheusi. Akasema mwenye kuiuzisha njo mwizi, alifunika kutu na kitambaa."

"Mama! Kile kitambaa njo kapo yenyewe! Unasugua kidogo na maji, unapaka verni ya mupya ya kung'arisha, basi!"

"Alikwangua mpaka mwisho, Papa, anatafuta chuma."

Papa Urbain, ambaye huona magari yaliyokunjamana bila kushtuka, alishika kichwa.

"Na alikipata?"

"Alipata moteri."

Taksi ikasimama. Pale getini shemeji mwenyewe, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alimpungia mama yule mkono akitabasamu, funguo za gari zikining'inia kidoleni.