Kichupa Namba Thelathini na Moja

Saa nne asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Juni 2004, marehemu aliingia kwenye ghala la dalali wa mashine zilizokwishatumika. Akapita katikati ya vitanda vya hospitali na majokofu yaliyofunikwa maturubai, asitazame kushoto wala kulia, akaenda kusimama mbele ya mashine ya kunakili DNA iliyotoka kwenye maabara ya kampuni iliyofungwa. Dalali alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Mteja anayekwenda moja kwa moja kwenye kitu anachokitaka huwa ameshajipandishia bei mwenyewe.

"Inafanya kazi?"

"Karibu kwanza, dada. Hata habari za asubuhi hakuna?"

"Habari za asubuhi. Inafanya kazi?"

Aliletewa kiti, hakukaa. Kwa muda wa saa mbili aliizunguka mashine ile, akaifungua, akaifunga, akaiwasha mara nne, na kila ilipowaka akasema iwashwe tena. Bei ilishuka mpaka ikafika mahali dalali akatia ngumu. Marehemu hakupepesa macho. "Basi tuishie hapo hapo," alisema, "lakini utaniongezea kitu. Damu yako. Nina wagonjwa, natafuta watu wasioumwa wa kulinganisha nao. Kichupa kimoja kila mwaka."

Dalali alicheka. Damu hakuwahi kuilipia ushuru. "Chukua," alisema, akakunja shati pale pale.

Dalali huyo baadaye alikuwa shemeji yake, na ndiye aliyeandika maneno haya. Familia ilimwomba yeye kwa sababu wengine wote walioshika kalamu walishindwa kupita mstari wa pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakupatikana tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, kisha akasoma sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1980. Huko mwalimu wa biolojia aliagiza kila mwanafunzi aoteshe mche mmoja wa maharage. Yeye aliotesha arobaini, akajaza madirisha yote ya bweni, mpaka matroni akatishia kumrudisha nyumbani yeye na shamba lake. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba mche mmoja unaweza kudanganya. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1985 na ya uzamivu mwaka 1992, zote katika elimu ya jeni.

Mwaka 1993 aliajiriwa na taasisi ya utafiti, akapewa chumba kisicho na dirisha mwishoni mwa korido ya ghorofa ya pili, kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Humo alifanya kazi miaka thelathini. Ugonjwa aliouchunguza ni lukimia sugu ya mailoidi, saratani ya damu inayoanza kimya kimya. Shemeji yake alipomuuliza ni kitu gani hasa, alimweleza kwa lugha ya ghalani. Ndani ya chembe moja ya damu, malori mawili yamebadilishana matela. Kipande cha kromosomu ya tisa kimefungwa kwenye ya ishirini na mbili, na mahali pa maungio jeni mbili zimekuwa moja, jeni isiyojua breki. Chembe hiyo inazaa, na watoto wake wanazaa, bila kituo.

"Na dawa?"

"Dawa ipo. Inashika breki vizuri. Kwa wengine jeni inageuka tena, dawa haishiki. Mimi nataka nimjue huyo kabla hajarudi wodini."

Kwa hiyo alihesabu. Kila mgonjwa kichupa, kila kichupa kipimo, na kipimo hakikuaminika mpaka kimefanywa mara tatu. Wanafunzi wake walimpa jina la Bi Rudia. Aliwasikia, akasema jina zuri, halafu akawaambia warudie.

Mashine ilipopelekwa kwenye taasisi ilisindikizwa na kaka mkubwa wa dalali, fundi wa majokofu, aliyefiwa na mke miaka mitano kabla. Alikwenda kufunga waya, akakuta friji la sampuli linavuja gesi. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, na friji likawa haliishi kuharibika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 2006. Saa tisa alasiri, keki ikiwa bado haijakatwa, umeme wa taasisi ulikatika na mlinzi akapiga simu. Bibi harusi alikunja gauni mkononi akatoka. Bwana harusi alichukua sanduku la vifaa akamfuata. Wageni walikaa saa moja na nusu wakitazama viti viwili vitupu, hadi shangazi mmoja akauliza kama arusi imeahirishwa au imehamishiwa kazini. Walirudi pamoja, gauni lina grisi, sampuli ziko salama. Kaka hakuwahi kuonekana na furaha kama siku ile.

Mwaka 2011 ndio ulioweka hesabu kati ya marehemu na shemeji yake, na lazima uelezwe.

Mwezi Juni alikuwa amemaliza kazi ya miaka saba. Alikuwa amepata njia ya kujua mapema ni mgonjwa gani ambaye dawa itamkatalia, na makala ilikuwa tayari kutumwa. Akataka kurudia mara ya mwisho. Vichupa vya damu havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu, na orodha ya majina ilifungiwa kwenye droo ya katibu wa taasisi. Kichupa namba thelathini na moja kilikuwa cha mtu mzima asiyeumwa. Ndani yake ilionekana jeni ile ile isiyojua breki.

Kwa watu wa kazi hiyo, mtu asiyeumwa akionekana mgonjwa, kinachotiliwa shaka ni chumba. Tone moja likirukia meza huingia kila mahali, na matokeo yote hayana maana. Marehemu alisimamisha kazi. Meza zilioshwa, feni ikafunguliwa, glovu zikatupwa kwa maboksi, wanafunzi wakapiga deki ukuta. Kichupa kikapimwa upya, jibu lile lile. Mkurugenzi akashuka mwenyewe.

"Kichupa kimoja kati ya mia mbili, daktari. Kitoe, tuma makala. Kuna wenzetu ng'ambo wanakimbizana na jambo hili hili."

"Kama chumba ni kichafu, na hivyo vingine ni vichafu."

"Na kama siyo?"

"Ndiyo ninachotaka kujua."

Wiki ya tano alimpigia simu shemeji yake. "Mashine yako chafu."

Dalali alipanda ngazi za taasisi akiwa amevimba kwa hasira. Siku hizo ngazi zilimsumbua, akasimama kila baada ya hatua kumi. Alikuwa ametoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda wa suruali, na alijisifu kwa kila mtu kwamba hatimaye tumbo limesikia. Alimkuta marehemu anazunguka meza.

"Shemeji, mimi nauza mashine, sijawahi kuuza uchafu. Miaka saba imekufanyia kazi, leo ndiyo unaitukana?"

"Sijaitukana. Nimesema chafu."

"Chukua damu hiyo hiyo, peleka kwa mtu mwenye mashine nyingine, mji mwingine. Ikiwa tofauti, nakurudishia kila kitu. Ikiwa sawa, unaniomba radhi mbele ya wanafunzi wako."

"Mbele ya wanafunzi?"

"Mbele yao wote."

Alipeleka. Majibu yalikuja tarehe 2 Septemba, na vichupa vyote vilisema kule kama vilivyosema hapa. Chumba kilikuwa safi tangu mwanzo. Marehemu alikwenda kwa katibu, akafunguliwa droo, akasoma jina la namba thelathini na moja.

Alikwenda ghalani kwa miguu. Dalali alipomwona mlangoni alianza kucheka, akijua amekuja kulipa.

"Nakuomba radhi," marehemu alisema. "Mashine yako haina kosa. Kaa."

Yeye mwenyewe akavuta kiti akakaa, na hapo dalali akajua kuna jambo, kwa kuwa hakuwahi kumwona amekaa.

Wiki iliyofuata dalali alianza dawa. Tarehe 12 Septemba wale wenzao wa ng'ambo walichapisha ugunduzi ule ule. Makala ya marehemu ilitoka Januari, ikaitwa uthibitisho. Kosa la kuamini kwamba mtu anayeonekana mzima lazima ana afya alilieleza kwenye makala yenyewe, hakumsukumia mwanafunzi. Kwa dalali alitoa sharti jipya: kichupa kila mwezi. Dalali akasema kila mwaka, kama walivyopatana. Wakakutana kwenye miezi mitatu, siku ya Jumanne, mpaka mmoja wao afe. Dalali alipeana naye mkono akiwa na uhakika ni nani.

Mwezi Agosti mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo na mgongo. Alikunywa vidonge vya maumivu na kuendelea na kazi. Tarehe 28 Agosti aligundulika kuwa na saratani ya kongosho iliyokwishasambaa. Wodini alitembea koridoni akisukuma stendi ya dripu, akiwakagua wauguzi kama lebo za vichupa zimebandikwa sawa. Ijumaa tarehe 13 Oktoba shemeji yake alikaa kando ya kitanda chake.

"Jumanne ni siku yako," marehemu alisema.

"Nitatoa ukishatoka hapa. Tutakwenda pamoja."

"Hiyo siyo bei, shemeji."

"Basi wiki ya pili yake."

"Jumanne."

Dalali aliangalia sakafu. "Haya. Jumanne." Ndiyo mara pekee alipokubali bei ya kwanza.

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2023, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Jumanne dalali alipanda ngazi za ghorofa ya pili bila kusimama, akakunja shati.

Marehemu ameacha mume; binti wa mumewe, muuguzi, ambaye siku zote alimwita mama; wajukuu watatu; wadogo zake wawili; wanafunzi kumi na wanne; na friji lenye vichupa elfu sita vilivyoandikwa kwa mkono wake. Katika mapatano yale alipata mashine iliyofanya kazi miaka tisa, akapoteza nafasi ya kwanza. Dalali alipata miaka kumi na miwili ambayo hakujua kama iko sokoni, na amempoteza mtu aliyekuwa anamshinda bei.

Jana saa nane mchana mwanafunzi wake mkuu alipiga simu. Kwenye kichupa cha Jumanne jeni ile haikuonekana kabisa. Dalali alishukuru, akataka kukata simu.

"Subiri, baba," mwanafunzi huyo alisema. "Jumanne hii njoo tena. Tutarudia."

Bi Rudia na atulie sasa kwa amani. Kazi ya kurudia ina wenyewe.