Kumpisha Noelene

Kijiwe chetu cha Seven Hills, huku Australia, ni benchi moja la mbao na makreti mawili ya maziwa, kandokando ya uzio wa klabu ya kroketi, nyuma ya stesheni. Tulihamia hapa lokidauni ya 2021 ilipofunguliwa, kwa sababu baada ya miezi ile hakuna aliyetaka tena kukaa ndani ya kuta. Chibalonza wa Bukavu, Mama Chupa, ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye kijiwe. Gitau, dereva wa folklifti ya kubebea mizigo ghalani, tunamwita Saa Tano: korona nzima hakukosa taarifa ya serikali ya saa tano asubuhi, na ikiisha alituletea yake, iliyotiwa chumvi. Révérien ni Protokoli; hakuna harusi ya Warundi kutoka hapa hadi St Marys iliyopangwa viti bila yeye. Mimi kazi yangu ni kunywa na kusikiliza. Jumamosi hiyo alikuwa amekaa nasi Fébronie, mhudumu wa nyumba ya wazee, viatu bapa miguuni, nyundo ya mbao yenye mpini mrefu magotini. Alikuwa na mechi mchana huo, na hakuwa na uso wa mtu anayekwenda kucheza.

MAMA CHUPA: Kunywa, mama. Halafu utuelezee tena, Protokoli hakusikia muzuri.

PROTOKOLI: Nimesikia. Nimekataa.

FÉBRONIE: Mchezo ni rahisi. Pale kwenye majani kuna malango ya chuma, membamba, mpira unapita kwa shida. Mimi na Bibi Noelene tunagombea lango moja. Atakayepitisha mpira kwanza, pointi yake, halafu wote tunahamia lango linalofuata. Na mpira wa mwenzio ukiwa umekaa vizuri mbele ya lango, unaruhusiwa kuupiga kwa wako uende huko mbali.

SAA TANO: Kuupiga tu hivi? Bila hata kusema sorry?

FÉBRONIE: Ndiyo mchezo wenyewe.

PROTOKOLI: Na huyo Noelene ana miaka mingapi?

FÉBRONIE: Themanini na moja.

PROTOKOLI: Ewe Mana!

FÉBRONIE: Hapo sasa. Tangu nijiunge, mpira wake ukikaa langoni mkono wangu unakataa. Napiga pembeni, namwacha apite. Mkubwa akiwa mlangoni unampisha, ndivyo nilivyolelewa, na kambini Tanzania ndivyo tulivyoishi. Wiki iliyopita akanitazama, akasema: ukinipisha tena Jumamosi, hutacheza na mimi tena.

Mama Chupa akafunga kifuniko cha chupa, jambo ambalo hulifanya kukiwa na msiba tu.

MAMA CHUPA: Kwa nini akasirike? Si anashinda yeye?

SAA TANO: Nyinyi hamjui hii nchi. Hiyo ni test, buda. Immigration. Kuna msee ameketi kwa ule mwavuli wa kijani, anaangalia kama umekuwa Mwaustralia. Ukimpisha, wanaandika bado. Ukimpiga, citizenship!

FÉBRONIE: Gitau, mimi nilishaapa uraia kabla ya korona. Na chini ya ule mwavuli ni mume wa mtu tu, anasinzia.

SAA TANO: Anajifanya anasinzia. Na huyo mathe mwenyewe, eighty-one? Wacha wewe. Hiyo ni retired champion. Wamemleta apime wageni.

PROTOKOLI: Mimi nasema ni hatari. Kumpiga mzee mpira ni kumpiga mzee. Kwetu mkoani Ngozi kulikuwa na kijana alimpita mzee kwa baiskeli kwenye mlima, bila kupunguza, bila kusalimia. Mpaka leo kila baiskeli anayopanda inatoboka.

MAMA CHUPA: Mpaka leo?

PROTOKOLI: Yuko Brisbane. Inatoboka Brisbane.

SAA TANO: Basi anunue gari.

PROTOKOLI: Alinunua. Tairi.

Hata Fébronie alicheka kidogo, ila mikono haikuachia mpini. Protokoli akaona amepata nafasi, akasimama, akarekebisha barakoa kama anayerekebisha tai.

PROTOKOLI: Dawa ni moja. Tunatuma wajumbe. Mimi msemaji. Tunaingia pale na kreti ya Fanta, tunasalimia kwa heshima, naeleza ukoo wa Fébronie na tulikotoka, naomba ruhusa rasmi ya kuugusa mpira wa bibi. Akikubali, tunapiga makofi, ndipo Fébronie apige.

MAMA CHUPA: Kila lango?

PROTOKOLI: Kila lango hotuba yake. Fupi.

SAA TANO: Maze, mechi itaisha Krismasi.

MAMA CHUPA: Mi naona hivi: apige magoti kwanza, kisha apige mpira. Na pasteri akuje abariki ile nyundo. Donc kama kuna laana, inabakia kwa pasteri.

FÉBRONIE: Nikipiga magoti watanitoa kwa kuharibu majani.

Hapo nikaona nimuulize mimi, maana kahawa ilikuwa inapungua na mechi inakaribia.

—Dada Fébronie, si ukaachana nao? Michezo ni mingi. Kuna zumba kanisani.

Alinigeukia. Nilitamani ningekaa kimya.

—Wewe unajua mwaka huu nilikuwa wapi? Nilikuwa nawavalisha, nawalisha, nawashikia simu usoni watoto wao wawaage, mimi nimevaa plastiki mwili mzima, hata hawanijui ni nani. Kila mzee ninayemfahamu nchi hii amelala. Kila mmoja. Nilikuwa natembea hapa, ndani ya kilomita zile tano tulizoruhusiwa, nikamwona yule bibi nyuma ya uzio peke yake, anapiga mpira. Nikasema, hii ikifunguliwa nitaingia humu. Nataka kumjua mzee mmoja aliyesimama. Sitaki kumpoteza na huyu. Leo nitampiga. Nimeamua toka usiku. Lakini nimeamua hivyo kila Jumamosi, na mkono unakataa.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mwanamke mwenye sare ya nesi, mgeni kwetu, anangoja basi. Kahawa alipewa na Mama Chupa, kama anavyompa kila anayekaa. Alijitambulisha kuwa anaitwa Zilpah, kahama majuzi kutoka Villawood. Akashusha barakoa amalizie kikombe.

ZILPAH: Samahani kuwaingilia. Huyo bibi huja pale kuheshimiwa, ama huja kucheza?

Saa Tano akaangalia simu yake kana kwamba taarifa ya saa tano ingerudi kumsaidia. Mama Chupa alijaribu: «Eh bien…» ikaishia hapo. Basi likaja, Zilpah akashukuru kahawa, akaenda zake, na swali likabaki nasi benchini.

Fébronie akainuka, akaweka nyundo begani, akazunguka uzio bila kuaga.

Tukasogea wote kwenye uzio. Bibi Noelene alikuwa tayari kwenye majani, mdogo, kofia kubwa nyeupe, hana fimbo ya kutembelea. Wakaanza. Malango ya mwanzo yalikwenda huku na huku. Kisha mpira mwekundu wa bibi ukasimama mbele ya lango, mzuri kabisa, umebaki kusukumwa tu. Zamu ikawa ya Fébronie.

PROTOKOLI: Sitazami.

MAMA CHUPA: Tazama, mwanaume!

Fébronie akainama. Akakaa hivyo muda mrefu, hadi nikadhani mkono umekataa tena. Kisha akapiga. Mpira wa bibi uliruka, ukakatiza majani yote, ukaenda kusimama karibu nasi, chini ya uzio.

PROTOKOLI: Amemsukuma mzee! Amemsukuma!

Nikamwona Fébronie ameinua mguu kukimbia kumchukulia bibi mpira wake. Kazi yake yote ni hiyo, kuwafuatia wazee vitu. Mguu ukabaki hewani. Akaurudisha chini taratibu, akaibana nyundo kifuani kwa mikono miwili, akangoja.

Bibi Noelene akaja mwenyewe, polepole, uwanja mzima. Alipofika kwetu alikuwa anahema, na alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Akatusalimia kwa kofia. Akasimama wima juu ya mpira wake, akalenga kutoka kule mbali, na akaupiga wa Fébronie ukatoka nje ya majani, hadi kwenye kiti cha yule mume wa mtu chini ya mwavuli, akazinduka.

Fébronie alicheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia kwake tangu korona ianze, akaenda kuufuata mpira wake.

Saa Tano akanyoosha kikombe kwa Mama Chupa. Mama Chupa akaiinamisha chupa, akaitikisa. Hakikutoka kitu, wala hakuna aliyeondoka.