Risala ya Mtaa wa Asmalı kwa Mwana wa Bi Döndü

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ferruh Bey, mbunge wetu. Viongozi wa vyama vya wenyeji wa mikoa. Akina mama mliozima cherehani mapema leo. Na wewe Bi Döndü uliyekataa kiti cha mbele:

Kukukaribisha

Mheshimiwa, neno "karibu" tunalitamka kwa aibu kidogo, maana ulizaliwa ghorofa ya chini ya jengo lile la kijani, na mwenye duka la mkate bado anaudai mguu wako wa kushoto kioo chake ulichokivunja kwa mpira. Lakini juzi kwenye televisheni ulipoulizwa kwenu ni wapi, ulijibu bila kupepesa macho, "Sivas," mkoa wa mbali walikotoka wazazi wako. Tulikuwa tunakutazama pamoja na mama yako. Akasema, "Huyo ndiye wa Sivas? Kaenda mara mbili, na zote mbili alitapika njiani." Ndipo tukaona tukupe habari za kwenu.

Historia

Jina la Bağcılar, wilaya yetu hii ya Istanbul, maana yake ni wakulima wa mizabibu. Waliopanda mizabibu waliondoka, wakaja wengine kutoka Balkani, kisha tukaja sisi kutoka kila kona ya Anatolia, tukapanda matofali. Baba yako, marehemu Mzee Satılmış, alimshawishi mkewe aache kijiji kwa kumwahidi Istanbul. Waliposhuka kwenye basi kule bondeni, tope likammeza Bi Döndü mpaka vifundoni.

"Istanbul iko wapi?"

"Uko ndani yake, mke wangu."

"Kumbe ndiyo hii inayoniingia viatuni!"

Hata hivyo alibaki. Alibeba zege akiwa na mimba yako, na maji yalipokosekana aliwaongoza akina mama kwenda kukaa na ndoo tupu kwenye ofisi za manispaa, wakifuma soksi, mpaka wakubwa wakachoka kuwatazama.

Mafanikio

Leo tuna treni ya chini ya ardhi, tuna hospitali, na vyumba vyetu vya chini vinashona fulana za nusu ya dunia. Kwa wingi wa watu tunaupita mji wa Sivas. Ajabu ni kwamba ukituuliza, hakuna anayetoka hapa. Mjukuu aliyezaliwa hapa atakutajia kijiji cha babu. Zamani hata maiti hazikukaa: mtu alikuwa akifa tu, anapakiwa kwenye gari kurudishwa kwao.

Aliyevunja desturi hiyo ni mama yako. Unakumbuka, ulikuwepo. Jeneza la Mzee lilikuwa tayari garini, na Bwana Muharrem, mdogo wa marehemu, akipiga kelele, "Shemeji, utamzika kaka yangu ugenini?" Nawe ukasema, "Mama, watu watasemaje?"

Akakujibu, "Mwanangu, baba yako hapa anajua hata paka wa nyumba ipi ana mimba. Kule atamsalimu nani?"

Akapanda garini, akakaa karibu na jeneza, akakataa kushuka mpaka dereva alipogeuza kwenda makaburi ya hapa. Tangu siku ile wengi wetu tumewazika wetu hapa. Hilo kwetu ni fanikio kubwa kuliko treni.

Changamoto

Baada ya maziko yale wewe ulikwenda Ankara umenuna. Sikukuu unakuja, unabusu mkono mlangoni, gari linanguruma nje. Mwaka huu ukamnunulia mama yako zawadi: kaburi la marumaru kule Sivas, jina lake limeshachongwa. Ulipomtumia picha alikujibu, "Asante, mwanangu." Kisha akashuka kwa Nurhan, huyu anayewasomea risala hii, akakaa nyuma ya cherehani akalia.

"Nilidhani kanisamehe," alisema. "Kumbe kanikatia tiketi."

Hayo hakuweza kukwambia mwenyewe. Anasema una shughuli nyingi. Sisi hatuna adabu hiyo.

Maombi

Makaburi yetu yanajaa. Tunaomba yaongezewe eneo, wasije wazee wetu wakazikwa mbali kiasi cha kutufanya tubadilishe mabasi kwenda kuwaombea dua. Pili, nafasi iliyo kando ya Mzee Satılmış imeandikwa kwa jina lako, mwana mkubwa. Tunaomba uitie saini iwe ya mama yako. Tatu, leo usiondoke kabla ya kula. Amepika maharage ya baba yako, na dereva wako tumeshamfichia viatu.

Kuhusu kaburi la Sivas, usihangaike kulirudisha. Bi Döndü ameshampa Bwana Muharrem. Bwana huyo alisafiri kwenda kulijaribu kwa kulala chali, na ametuletea habari kwamba linamtosha vizuri, ila jina lichongwe upya.

Mungu akupe umri mrefu, Mheshimiwa, na mama yako ampe wa kukusumbua miaka mingi bado.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Asmalı,
watu wa Bağcılar.