Woga niliouita unyenyekevu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mnaoimba kwa sauti kubwa, asifiwe pia na sisi ambao sauti yetu inafika benchi la pili tu.

Jina langu ni Solange. Nyumbani ni hapa mtaani Mapendo, lakini kwa sasa ninaishi katika bweni la wasichana la shule yetu ya Kikristo, ninasoma mwaka wa saba, ndio wa kwanza wa sekondari. Wengi darasani ni wadogo kwangu, maana vita vilinipotezea miaka na shule ya msingi niliimaliza kwa kuchelewa. Mchungaji aliponiita nishuhudie, nilimwambia aniache niandike kwanza. Ninaandika polepole. Imenichukua siku nne, na leo ninasoma mwenyewe.

Nianze na maisha ya zamani. Tulipokimbia kutoka Rutshuru tuliishi katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, ndani ya hema. Mama alikuwa akinituma kwa majirani: omba chumvi, omba moto, omba sufuria. Siku moja mwanamke mmoja alinisimamisha mbele ya watoto wenzangu.

"Weye kila siku ni kuomba tu! Mama yako alikuzaa mukono wazi?"

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile jina langu likawa Mukono-wazi. Nikaapa moyoni kwamba sitamwomba mtu kitu tena. Ndugu zangu, kiapo kile nilikishika kuliko sala zangu! Kalamu ikiisha wino darasani, niliacha kuandika. Nikiumwa kichwa, nilingoja kipone chenyewe. Watu walisema, "Huyu mutoto ni mupole sana." Nami nikaamini kwamba ni upole.

Shuleni kwetu kila Jumamosi kuna programu ya kuwajenga wanafunzi. Wengine wanajifunza muziki, wengine bustani, wengine mijadala, na wote tunajifunza uongozi. Tunagawanywa katika vikundi vya wanane, na kila kikundi kinapewa kazi ya mwezi mmoja. Kiongozi anawagawia wenzake zamu, anamwachia kila mmoja aongoze walau siku moja, kisha anatia sahihi kwenye kadi ya yule aliyefanya. Mama Rebeka, mwalimu anayesimamia programu, alisoma majina. Kazi ya maji, kiongozi Solange.

Bomba liko chini ya kiwanja na bweni liko juu, na njia yote ni mawe makali meusi ya volkano. Asubuhi zinatakiwa bidoni nane, yaani madumu ya maji, moja kwa kila msichana. Ilinipasa kumwambia mtu, "Leo ni zamu yako." Maneno manne tu! Sikuweza. Basi nikaamka kabla ya kengele na kuzibeba zote nane, moja baada ya nyingine. Wenzangu walipoamka walikuta maji yamejaa. Kesho yake nikafanya vilevile, na kesho kutwa.

Mwanzoni walifurahi. Esperance, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila mzaha, alikuwa akinong'ona chini ya blanketi, "Mama Solange, endelea hivyo hivyo. Mbinguni watakupa kitanda cha peke yako." Mhubiri wa shule akasikia habari. Akanisimamisha katika ibada na kusema kwamba nina moyo wa Yesu aliyewaosha wanafunzi wake miguu. Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, nilitazama chini. Walidhani ni unyenyekevu tena!

Ni Kavira peke yake ambaye hakupiga makofi. Kavira ni msichana wa upande wa Beni, baba yake alishafariki, na mama yake anasafirisha maharagwe kutoka Butembo. Masomo yake yanalipwa na kanisa la kwao kwa sharti moja: amalize programu kila muhula. Asipomaliza, anapoteza nafasi na kurudi nyumbani. Asubuhi moja alinifuata bombani.

"Lete bidoni moja."

Nikatabasamu, nikaikumbatia bidoni.

"Solange, weye unaona sisi hatuna mikono?"

Nikatabasamu tena na kupanda na mzigo wangu. Hakuna kitu kibaya kama tabasamu la mtu anayeogopa.

Juma la mwisho likafika. Jumamosi Mama Rebeka angekusanya kadi, na kadi zote saba zilikuwa tupu. Hakuna aliyebeba, hakuna aliyeongoza. Tulikaa kitandani kwa Esperance, kadi zimetandazwa.

"Sinye tu, tia sahihi!" Esperance akasema. "Kwani kalamu itakuuma?"

Nikatia sahihi ya kwanza. Nikatia ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika kwa Kavira, aliweka kiganja juu ya kadi yake.

"Yangu usiiguse. Sikufanya kitu."

"Kavira, watakurudisha kwenu!" Esperance hakuwa anacheka tena.

"Najua. Lakini mama ataniuliza nilijifunza nini huku. Nimwambie nilijifunza kulala?"

Alilia kidogo, akafuta machozi kwa kanga, akaenda kukunja nguo zake. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimemnyang'anya mwenzangu kazi yake, na pamoja nayo shule yake, ili tu mimi nisifungue kinywa.

Jumamosi kabla ya mkutano nilikwenda nyuma ya tangi la maji la shule nikapiga magoti kwenye mawe. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Bwana, watu wamesifu woga wangu, na mimi nimewaacha wausifu. Niokoe, maana Kavira anaondoka." Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Magoti yaliniuma, nikasimama nikaenda.

Mama Rebeka alipoita kikundi cha maji, nilisimama. Nikasema, "Mama, maji yote nilibeba mimi. Wao hawakukataa kazi. Mimi niliogopa kuwaomba. Na kadi nne nimesaini uongo." Kisha nikabaki nimesimama, kwa sababu nilisahau namna ya kukaa.

Mama Rebeka alichukua kadi zile nne, akafuta sahihi zangu kwa wino mwekundu.

"Mutoto wangu, nilikupa watu saba uwalee. Weye umelea bidoni!"

Chumba kizima kikacheka, hata Kavira. Nami nilicheka kidogo, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha akasema kwamba sitapata cheti changu muhula huu, na haki ilikuwa yake. Lakini kikundi akakiongezea siku saba, kila msichana siku yake moja ya kuongoza. "Na weye, Solange, ukigusa hata bidoni moja, nitajua."

Ndugu zangu, Jumatatu ile ndiyo siku niliyofunguliwa! Nilisimama bombani mikono mitupu. Nilihisi kama niko uchi. Wasichana saba walinitazama, wakingoja. Nikafungua kinywa: "Esperance, leo ni zamu yako."

"Yesu wangu!" akapiga kelele. "Kumbe ana sauti!"

Wakacheka, nami sikufa. Kicheko kilipita kama upepo na sisi tukabaki tumesimama pale pale. Esperance aliwapanga vibaya, akamwaga nusu ya maji njiani, akalaumu mawe. Mikono yangu iliwasha kwa kutaka kumsaidia. Nikaishika nyuma ya mgongo.

Alhamisi ilikuwa siku ya Kavira. Hakumtuma mtu hata mmoja mpaka juu. Aliwapanga kwenye mteremko kutoka bombani hadi mlangoni, kila mmoja akamkabidhi mwenzake bidoni na kurudi hatua chache. Kazi iliyokuwa ikinimaliza mgongo ilikwisha kabla ya uji kuiva. Nilisimama nikitazama, nikamshukuru Mungu na kuona haya kwa pamoja. Akili ile ilikuwa kitandani mwezi mzima, nikiifunika blanketi mimi mwenyewe! Siku ile nilitia sahihi kwenye kadi ya Kavira polepole, kila herufi. Yuko shuleni mpaka leo. Kitanda chake kiko karibu na changu, na anakoroma.

Ninamshukuru Mungu aliyenitoa. Woga haujaisha wote. Hata sasa ninasoma bila kuinua macho, mnaniona. Lakini haunitawali tena. Labda hapa ndani kuna mtu anayebeba kila kitu peke yake, na watu wanamsifu, na yeye anajua moyoni kwamba anaogopa tu kuomba. Mwamini Bwana, ndugu yangu. Hatakucheka. Na wakicheka watu, utaishi.

Baada ya ibada nitakaa benchi la mwisho, upande wa dirisha. Njoo tuombe pamoja. Ukikosa neno la kuanzia, usihangaike, nitaanza mimi.