Mfungo wa Shirleen

Benchi letu liko Merrylands, huku ughaibuni, nje ya maduka, upande usiopigwa na upepo. Tangu turuhusiwe kukaa nje tena, Oktoba ile ya 2021, kila Jumamosi baada ya shifti tunakutana hapo, barakoa zikiwa kidevuni, tukinywa kahawa ya tangawizi ya Katembo, Mkongo tuliyembatiza Mzee Termosi. Kuna Kipchumba, ambaye kwa sauti yake tunamwita Spika. Kuna Wainaina, baba Shirleen. Na mimi Ogutu, wananiita Shemasi kwa kuwa ninaongoza maombi ya ushirika wetu kwenye Zoom, ingawa shule niliishia darasa la nane, na Mungu anajua mdomo wangu hutangulia akili.

Jumamosi moja Wainaina alikuja na uso mzito. Jumanne binti yake alikuwa aanze mtihani wa kumaliza sekondari, ule uliosogezwa mbele kwa sababu ya korona. Shirleen ndiye wa kwanza darasani, na ushirika mzima ulishajua ataingia udaktari, maana baba yake alizitaja kwenye Zoom alama anazozitaka, nasi tukaitikia amina. Sasa msichana alikuwa anasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Mikono baridi. Ukimwita, anachelewa kuitika. Nywele zinabaki kwenye kitana. Wainaina alisema akiendelea hivi, mtihani hataufanya.

Mzee Termosi alisema ni kompyuta. Kusoma kwenye kioo miezi yote hiyo kunakausha macho, na macho yakikauka yanavuta maji ya ubongo. Spika hakukubali.

— Ni saa, Baba Shirleen. Ubongo wa mtoto hufuata saa za ukoo. Mtihani ukianza hapa saa tatu asubuhi, Nyeri ni saa saba usiku. Ubongo umelala.

— Amezaliwa hapa hapa Blacktown, Spika.

— Mwili ndio umezaliwa Blacktown.

Wakaanza kubishana kama meza ya msichana igeuzwe itazame Kenya, na Kenya yenyewe iko upande gani, wa maegesho au wa stesheni. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikatoa ya kwangu, iliyozidi zote. Nilisema shetani humchosha mtu anapokaribia baraka, kwa hiyo kadiri msichana anavyolegea, ndivyo alama zinavyopanda.

Wainaina akafarijika. Akasema kiroho mtoto hajalegea hata kidogo. Tulipotangaza mfungo wa kuwaombea watahiniwa, wazazi wafunge mchana na kula jioni, Shirleen alijiunga mwenyewe bila kuambiwa. Sahani anairudisha ilivyo, anasema amefunga. Wainaina na mkewe hufanya kazi ya usiku kwenye nyumba za wazee, na jambo hilo ndilo linalowapa nguvu huko. Tukamsifu mtoto.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Mama Emérance, Mkongo pia, mgeni katika ushirika wetu, akisubiri basi na mifuko yake miguuni. Katembo alikuwa amempa kikombe. Sasa akamgeukia Wainaina.

— Na mangaribi, baba, ule mutoto anakulaka nini?

— Jioni sisi huwa tumeshaenda kazini, mama.

— Njo maana nauliza.

Wainaina akatoa simu, akapiga, akaishika mbali na sikio kama kawaida yake, tukasikia wote. Akamuuliza jana jioni alikula nini. Shirleen akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, kwamba hakumbuki. Na juzi? Hakumbuki. Alisema tangu siku ya zile alama kwenye Zoom, chakula hakimshuki. Kisha akauliza, polepole: akila sasa, atakuwa ameyaharibu maombi yetu?

Wainaina akanigeukia. Mfungo ulikuwa uendelee mpaka Jumanne, na aliyeutangaza ni mimi.

— Mwambie umekwisha, nikasema. Mwambie Shemasi amesema umekwisha.

Akamwambia. Ya mtihani hakuyagusa. Alimuuliza tu angependa kupikiwa nini. Shirleen akajibu, safari hii kwa Kiswahili.

— Uji.

Wainaina alikuwa ameshasimama.